Kitenge Chekundu Hakikuwa cha Mama Yako

Maguu, Jumapili alasiri

Editha mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu asubuhi nimekuona ukifunga sanduku lako kwa kamba ya katani, na kifuniko kilipogoma ukalipiga teke. Nikajua u mzima. Hali yangu unaijua. Daktari wa Mbinga alinitazama kama fundi anavyotazama gari lililobaki kuuzwa chuma chakavu, akasema nipumzike. Nipumzikie nini? Tangu nistaafu sijafanya kazi nyingine.

Umekwenda kumuaga shangazi yako Kolastika, na najua utakaa mpaka jua lianze kushuka, maana dada yangu yule hamwachi mtu aondoke kabla ya kumlisha na kumsema. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika bila kukutazama usoni. Mtu mwenye moyo angekuita ukae kwenye kile kigoda, akakuambia kwa mdomo. Mimi nimelipwa mshahara miaka na miaka kwa kazi ya kusema mbele za watu, na binti yangu ninayeishi naye nyumba moja namwandikia barua. Mdharau mtu wa namna hiyo. Mimi nilikwisha kuanza.

Habari za chandarua, kuchemsha maji na kutokukopesha walimu wenzako utazipata kwa shangazi. Ana mawaidha mengi, na hakuna hata moja lililowahi kumfaa mwenyewe.

Juzi ulikaa hapa kando ya kitanda ukanisomea notisi zako za saikolojia ya elimu, ukifurahi, ukadhani unamfurahisha mgonjwa. Hulka za watu ni aina nne. Kumbukumbu ni ghala. Makuzi ya mtoto ni ngazi, naye hupanda kidato kimoja kimoja. Tabia hubadilishwa kwa zawadi na kwa adhabu. Nilinyamaza, ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nasikia sentensi zangu. Mkufunzi wako alifundishwa na mtu niliyemfundisha mimi pale chuoni, na hakuna aliyebadilisha hata mkato. Ujinga wangu umezunguka nchi nzima, umerudi nyumbani ukiwa na cheti.

Hizo hulka nne, kwa mfano. Nilikuwa nawagawa wanachuo siku ya kwanza, kabla hawajaweka magodoro chini. Huyu mkali, huyu mchangamfu, huyu mpole, yule mzito. Kuna kijana wa kijiji cha Ruanda nilimwandika mzito. Kwa miaka miwili sikumuuliza swali darasani, naye kwa miaka miwili hakujibu, nikaona nimethibitishwa. Siku hizi za biashara ruksa kijana yule ana maduka mawili Mbinga na lori moja. Akinikuta barabarani anasimama, ananishika mkono, ananipandisha mbele. Na unajua nilifikiri nini mara ya kwanza aliponipandisha? Nilifikiri: mzito kweli, hata kukasirika hajui.

Na mwaka juzi, unakumbuka, walikuja wale wa semina ya mabadiliko ya tabia. Gari jeupe, makaratasi makubwa ya kubandika ukutani, kalamu za rangi. Wakulima wa kahawa ambao wameona chama chao cha ushirika kikifa mbele ya macho yao, na wanunuzi binafsi wakifika na mizani zao wenyewe, wakakalishwa kwenye madawati ya watoto ili waambiwe kwamba shida yao ni mtazamo. Kijana mmoja wa viatu vinavyong'aa akasimama mbele.

"Wazee wangu, hebu tusaidiane. Tabia ni nini?"

Mzee mmoja nyuma akasema, "Tabia ni hiyo uliyokuja nayo wewe, ya kutukalisha na njaa mpaka saa nane."

Nilicheka mpaka nikatolewa nje kwa kikohozi. Nilimcheka yule kijana na kalamu zake. Nilicheka kama mtu ambaye hajawahi kubadilisha tabia ya mtu yeyote, kumbe ndani ya nyumba hii kuna mtu niliyembadilisha kwa ufundi ambao kijana yule hataufikia hata akipewa magari kumi.

Nimefika kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka kutosha.

Wiki iliyopita alikuja yule mama muuza usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Liuli, akaweka beseni lake mlangoni, akakuambia alichotumwa. Nilikuwa hapa kitandani, dirisha wazi. Alisema mama yako amesikia kwamba umepangiwa shule ya ufukweni, na kwamba atakuja kukupokea gari litakaposimama. Nawe ukajibu, sauti yako imetulia kabisa:

"Mwambie asijisumbue."

"Atakuja tu, mwalimu. Mama ni mama."

"Basi aje. Akinisogelea nitamwambia mbele ya abiria wote. Wewe ndiye uliyenitupa barabarani kama gunzi, ukapanda lori, hukugeuka hata kunitazama. Nakumbuka. Mwambie nakumbuka hata kitenge chake chekundu."

Yule mama alibeba beseni lake akaondoka bila kuuza. Nami nilikohoa kwa nguvu ili usikie kwamba baba yako ni mgonjwa, usije ukaingia ukaniuliza lolote.

Editha, mama yako hakuwahi kuwa na kitenge chekundu. Kile kilikuwa cha shangazi yako Kolastika. Na mama yako hakukutupa. Mimi ndiye niliyekutoa mikononi mwake.

Hutakiwi kuniamini, maana utaona mbele jinsi nilivyo fundi wa kusadikisha. Rudi kwa shangazi yako kesho alfajiri, kabla ya gari, umuulize swali moja tu: kitenge chekundu kilikuwa cha nani. Usimweleze kwa nini. Mtazame uso.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni na wakufunzi wenzangu wawili, watu wa mjini waliotaka kuona mashamba yetu ya matuta ya ngolo na kunywa pombe ya bure. Babu yako alikuwa bado hai, na jioni ukoo ulikuwa bado unakula pamoja kwake, ile desturi yetu ya sengu ambayo ninyi mmeikuta majivuni. Wanaume wamekaa, wake zao wanaleta vyakula kutoka kila nyumba, watoto wanapita katikati, na baada ya kula mambo ya ukoo yanasemwa. Mama yako alileta ugali na samaki, mbasa aliotumiwa na kaka yake kutoka ziwani. Mimi nikamsimamisha. Nilitaka kuwaonyesha wageni jaribio nililokuwa nafundisha, lile la maji. Nikamimina maji yaleyale kutoka bakuli pana kwenye glasi ndefu, nikamuuliza wapi palikuwa na maji mengi zaidi.

"Baba Editha, chakula kinapoa," alisema.

"Jibu kwanza."

"Wageni wana njaa."

"Agnesi, jibu."

Akatazama sahani za chakula, akatazama glasi. "Humo kwenye ndefu," akasema, akaanza kupakua.

Nikawageukia wenzangu nikatangaza, kwa ile sauti ya ubaoni, kwamba mke wangu amekomea kwenye ngazi ya mtoto wa miaka mitano. Walicheka. Baba yangu, ambaye hakuelewa kitu, naye alicheka kwa sababu wasomi wamecheka. Mama yako alimaliza kupakua. Baadaye nilimfuata jikoni, sikumbuki kutafuta nini, akaniambia bila kugeuka, "Nilijua jibu unalotaka. Nilikupa ili watu wale."

Ningekuwa na akili hata ya hiyo ngazi ya miaka mitano ningepiga magoti palepale. Nilimwambia asijitetee.

Asubuhi alikubeba mgongoni akaenda barabarani. Lori lililopandisha samaki lilikuwa linarudi ziwani na magunia ya maharage. Nilipata habari nikiwa na wageni, nikachukua baiskeli. Nilimkuta amekwisha kupanda, amekupakata juu ya magunia. Sikupiga kelele, mimi ni msomi. Nilimwomba dereva azime injini, nikapanda gurudumu, nikakuchukua. Ulikuwa na miaka mitatu na kidogo, na ulinijia kwa sababu ulinifahamu na hukujua. Nilikukabidhi kwa Kolastika, aliyekuwa amenifuata mbio na kitenge chake chekundu, naye akakufunga mgongoni akaondoka. Mama yako aliruka kutoka juu ya magunia. Hakushuka, aliruka. Alianguka kwenye changarawe, goti likachanika, akainuka akakimbia nyuma ya shangazi yako mpaka kaka zangu wakamzuia. Kwa hiyo ni kweli, kuna mwanamke wa kitenge chekundu aliyekwenda bila kugeuka nyuma. Ila ulikuwa mgongoni mwake.

Alirudi. Alirudi mara nyingi, akipanda mlima huu kutoka ziwani, na mara zote alikomea uani. Mara ya mwisho nilimwendea mwenyewe. Nilimwambia kwamba mtoto wa umri ule hupoteza kumbukumbu, ni jambo linalojulikana, umekwisha kumsahau, na kwamba akiendelea kuja atakuharibu. Hapo sikusema uongo, na ndiyo maana najidharau zaidi. Nilitumia kitu cha kweli kama watu wengine wanavyotumia panga.

Akaniambia, "Basi nitamkumbukia mimi."

Lakini miezi ya kwanza hukuwa umemsahau. Ulikuwa ukilia kila giza likiingia, ukienda mlangoni, ukikataa uji. Nami nilikuwa mtaalamu. Nilijua kwamba hamu ya mtoto haiondoki kwa kuipiga, lakini yaweza kugeuzwa ikawa hasira, na mtoto mwenye hasira hulala. Basi jioni nikawa nakuweka katikati ya watu wa sengu, nakuuliza.

"Editha, mama alifanya nini?"

Mwanzo ulinyamaza, nikakujibia: ameniacha barabarani. Kesho yake tena. Ukirudia maneno yangu, unapata kipande cha nyama kutoka sahani ya babu, na baba zako wakubwa kwa wadogo wanapiga makofi. Usiporudia, hupati. Huo ndio ule mstari wa notisi zako kuhusu zawadi na adhabu. Haukuandikwa vibaya. Unafanya kazi barabara.

Ulijifunza upesi. Mimi nikawa naongeza kidogo kidogo: ulikuwa na kipande cha muwa mkononi, ulikuwa unalia, lori likatoa moshi mweusi. Halafu jioni moja, bila kuulizwa, ukasema, "Na mama alivaa kitenge chekundu." Mimi sikuwa nimekwambia hilo. Ulikuwa umekipata mwenyewe mahali fulani ndani, kutoka siku ile ya kweli, ukakivalisha uongo wangu. Na baba yako alihisi nini? Furaha, mwanangu. Furaha ya mwalimu ambaye jaribio lake limekubali. Toka siku ile hukulia tena.

Mnafundishwa kwamba kumbukumbu ni ghala. Aliyeandika hivyo hajawahi kulima. Wewe umelima ngolo. Unajua tunafyeka majani, tunayalaza chini kwa mistari ya kukatana, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika, maharage yanaota juu ya matuta. Anayepita barabarani anaona maharage. Na msimu ujao hatuchimbi palepale. Lililokuwa tuta linakuwa shimo, na hata mwenye shamba hawezi kukuonyesha udongo wa mwaka wa kwanza uko wapi. Kila ulipoulizwa mama alifanya nini, hukufungua ghala. Ulichimba upya, na mimi ndiye niliyekuwa nimelaza majani.

Nilipoanza kuugua nilimwita padri. Nilimwambia yote haya, akanipa sala, akasema Mungu amekwisha kusahau. Nikamshukuru kwa adabu. Sihitaji mtu mwingine anayesahau. Tuko wa kutosha.

Utauliza kwa nini nimengoja mpaka leo. Kwa sababu ulinipenda, na penzi lako lilikuwa zuri kulitumia. Ulikuwa unasema mbele ya watu, "Baba ndiye mama yangu," akina mama wa jumuiya wanafuta machozi, nami nainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Hakuna maelezo mengine. Ningetafuta mazuri zaidi ningeyapata, nina kisomo cha kutosha, nimeamua nisiyatafute.

Sasa nisikilize jambo moja, na hili ni muhimu kuliko ungamo lote. Nimekuandikia habari ya mama yako akiruka kutoka kwenye magunia. Usianze kuikumbuka. Nakujua, ukiwa njiani kesho utaanza kuona goti lake, utasikia changarawe, na kabla hujafika Mbinga utaapa kwamba ulikuwa ukiona yote kutoka mgongoni mwa shangazi. Itakuwa ni mimi tena, nakulazia majani mengine. Iandike akilini kama jambo uliloambiwa na mzee aliyewahi kukudanganya. Ijue tu. Kukumbuka, acha.

Iko kumbukumbu moja ambayo ni yako, na hiyo sikuweza kuifanya lolote.

Tangu ukiwa mdogo, ukila samaki, unatoa nyama ya tumbo, ile isiyo na miiba, unaiweka pembeni mwa sahani, na huli. Unamaliza vingine vyote, ile inabaki. Nilikukemea kwa kubakiza chakula. Nilikuahidi pipi. Nilikuchapa, jambo ambalo nilikuwa nawakataza wanachuo. Nilijaribu kila kitu kilichomo kwenye notisi zako na vingine ambavyo havimo. Ukawa unakula sehemu ile mbele yangu, na nikigeuka naona umeanza kutenga nyingine. Mpaka jana umefanya hivyo. Shangazi yako anasema ni maringo. Ulipokuwa chuoni ulimwambia rafiki yako kwamba hujui kwa nini unafanya, mkono unakwenda wenyewe.

Mimi najua. Agnesi alikuwa akikupakata wakati wa kula, anachambua miiba kwa vidole, anaiweka nyama ya tumbo pembeni mwa sahani yake, upande wako, kwa ajili yako. Unatenga sehemu ya mtoto, Editha. Mtoto ni wewe. Hukumbuki chochote kuhusu mwanamke yule, nimehakikisha hivyo, na kila ukila samaki unafanya alivyokuwa akifanya yeye.

Basi kesho utashuka ziwani. Sikuombi unisamehe, ningekuona huna akili. Sikuombi umwite mama mbele ya abiria, wala umkumbatie mtu usiyemjua ili mimi nife vizuri. Kama bado una maneno ya kumwambia, sitakuwepo kuyazuia. Nakuomba uyabane tu mpaka mfike kwake. Atapika mbasa. Watu wa kule hawapokei mgeni kwa kitu kingine. Nilikatazwa kwenda kule na aibu yangu mwenyewe, lakini yule mama muuza usipa alinipitia mwaka jana ulipokuwa chuoni, akala hapa, na katika maneno yake mengi akasema kwamba Agnesi ana ajabu moja: anaishi peke yake, na kila akila samaki anatenga nyama ya tumbo, kisha anampa paka.

Mkikaa, usiseme neno. Kula. Halafu utazame pembeni mwa sahani yake, na yeye umwache atazame pembeni mwa yako.

Barua hii naiweka chini ya kamba ya sanduku lako. Ukirudi nitakuwa nimefumba macho. Sitakuwa nimelala, lakini nakuomba usiniamshe.

Baba yako